Kununua kompyuta au kuiunda mwenyewe? Fungua ubavu kwanza

Mpwa wangu aliniandikia juzi ujumbe wa aina ninayoipata karibu kila mwezi kutoka kwa huyu au yule: "Shikamoo mjomba. Ninunue kompyuta iliyo tayari au niunde yangu? Ipi rahisi?" Chini yake akaweka picha ya tangazo. Kasha jeusi lenye kioo ubavuni, taa za rangi zote, na mistari minne ya herufi kubwa: jina la prosesa (ubongo wa mashine), RAM (kumbukumbu ya kazi) GB 32, SSD (diski ya kuhifadhia) TB 1, jina la kadi ya michoro. Basi.

Sikumjibu siku hiyo. Jibu la haraka ninalo, ila silipendi. Linasema hivi: ukitaka nafuu unda, ukitaka raha nunua. Limezunguka miaka nenda miaka rudi, na wengi wanaolirudia wameunda kompyuta moja maishani wakaisimulia mara mia. Nami nilikuwa mmoja wao, mpaka nilipofiwa na kompyuta iliyokuwa nzima.

Ilikuwa ya kununua, ya ofisini, ya kampuni kubwa ambayo sitaitaja. Ilinitumikia miaka sita bila kelele. Asubuhi moja nikabonyeza kitufe, kimya. Nikafungua ubavu, nikanusa, nikasikia harufu ya kitu kilichoungua ndani ya pawasaplai, kile kisanduku kinachogawa umeme kwa kompyuta nzima. Kusema kweli nilipumua, maana pawasaplai ni katika vipuri vyepesi mno kubadili: skrubu nne, waya zinatoka, waya zinaingia. Nikarudi na mpya, ya kawaida kabisa, yenye plagi kubwa ya pini 24. Ndipo nikautazama vizuri ubao mama, ule ubao mkubwa ambao vipuri vyote huchomekwa. Mahali pa soketi ya pini 24 palikuwa na kijisoketi cha pini chache, cha umbo ambalo sijawahi kuliona. Kasha nalo halikuwa na nafasi ya pawasaplai ya ukubwa wa kawaida, kwa kuwa ile ya zamani ilikuwa nyembamba na ndefu kama rula. Nikasema haidhuru, nihamishie ubao mama kwenye kasha jingine. Matundu ya skrubu yakakataa kulingana. Kitufe cha kuwashia kilikuwa na plagi yake ya pekee. Hata feni ya prosesa ilifungwa kwa skrubu zilizopenya ubao na kushika bati la kasha lenyewe, kiasi kwamba ukiutoa ubao kwenye kasha lile, feni inabaki inaning'inia.

Prosesa nzima, RAM nzima, diski nzima, na mashine imekufa. Nikatafuta spea ya kampuni yenyewe, nikaambiwa haitengenezwi tena.

Tangu hapo swali la "ipi rahisi" naliona limeelekea upande usio wake. Bei unailipa siku moja. Kompyuta utakaa nayo miaka mitano, sita, minane, na ndani ya miaka hiyo ziko siku mbili zitakazoamua kama ulinunua vizuri: siku itakapoharibika, na siku utakapotaka kuiongezea nguvu. Siku hizo mbili hakuna atakayekuuliza nani alikaza skrubu za kwanza. Utajiuliza tu kama vilivyomo ndani vinafuata vipimo vinavyofuatwa na kila mtu, au vipimo vya mtengenezaji mmoja aliyeamua kufunga mlango na kuondoka na ufunguo.

Tumezoea mno hali hii ya kununua ubao mama huku, RAM kule, kadi kwingine, na vyote vikaingiliana, hata tunasahau kwamba haikuwa lazima iwe hivyo. Jokofu huundi nyumbani. Televisheni huundi. Simu huundi. Kompyuta ya mezani imekuwa tofauti kwa sababu kampuni ya IBM ilikuwa na haraka. Ilipotoa kompyuta yake binafsi tarehe 12 Agosti 1981, haikutengeneza kila kitu yenyewe kama ilivyozoea. Ilichukua prosesa ya Intel, ile 8088, ikachukua programu endeshi kwa Microsoft, ikajaza kasha kwa vipuri ambavyo mtu yeyote angeweza kuvinunua, kisha ikachapisha kitabu cha ufundi kilichoeleza jinsi vyote vinavyounganishwa. Kizuizi kilichobaki kilikuwa BIOS, programu ndogo inayoiamsha mashine, ambayo ilikuwa na hakimiliki. Wahandisi wa kampuni nyingine, Compaq, wakaandika BIOS yao wenyewe bila kunakili, na mwishoni mwa 1982 wakatangaza mashine yao iliyoendesha programu zilezile. Milango ikawa wazi.

IBM ilijaribu kuifunga tena. Mwaka 1987 ikatoa mashine za PS/2 zenye mfumo mpya wa nafasi za kadi, Micro Channel, ambao washindani wangepaswa kuulipia. Mwaka uliofuata washindani tisa wakaungana, wakatoa mfumo wao, EISA, unaopokea kadi za zamani. Soko lilikwenda na wale waliomwachia mteja kadi zake. Halafu mwaka 1995 Intel ikatoa vipimo vya ATX, na hapo ndipo ulipozaliwa uundaji wa nyumbani kama tunavyoujua leo: ubao wa milimita 305 kwa 244, matundu ya skrubu mahali palepale, dirisha la nyuma la ukubwa uleule, plagi ya umeme ya aina moja. Kasha la ATX la miaka ya mwisho ya 1990, kama hujalitupa, litapokea ubao wa ATX uliotoka kiwandani mwaka huu. Litakuwa na joto kali ndani na hutakuwa na pa kuweka feni, lakini skrubu zitaingia.

Nimesimulia historia hii kwa sababu inabomoa ukuta ambao watu huujenga kati ya "tayari" na "kuunda". Michael Dell, mwanzilishi wa kampuni ya Dell, alianza mwaka 1984 chumbani kwake, akiwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Texas, akiboresha na kuuza kompyuta zilizojengwa kwa vipuri vya kawaida. Ukiona vyaelea, vimeundwa. Kompyuta ya mezani iliyo tayari ni kompyuta aliyoiunda mtu mwingine, na la kupeleleza ni alitumia nini. Wapo wauzaji wanaonunua vipuri vilevile ambavyo wewe ungenunua, wakaviunganisha kwa vipimo vya ATX, wakakupa dhamana ya mashine nzima. Na wapo wakubwa wanaochora ubao wao, pawasaplai yao na kasha lao, kwa sababu wakitengeneza laki kadhaa, kuokoa bati kidogo na waya kidogo kwa kila moja ni fedha nyingi. Wote wawili huitwa "kompyuta iliyo tayari", na wako mbali kuliko umbali uliopo kati ya huyo wa kwanza na wewe mwenye bisibisi mezani.

Sasa turudi kwenye tangazo la mpwa wangu, maana bei nayo ina lake la kusema.

Ile mistari minne imechaguliwa kwa makini. Imetaja vitu ambavyo mnunuzi anaweza kuvilinganisha na tangazo la jirani. Haikutaja pawasaplai. Haikutaja ubao mama. Haikusema kama hizo GB 32 za RAM ni vijiti viwili au kimoja. Haikusema SSD ni ya aina gani. Na hapo, kwenye vitu visivyotajwa, ndipo muuzaji anapopatia faida yake.

Chukua RAM. Prosesa nyingi za mezani husoma RAM kwa njia mbili kwa wakati mmoja. Ukiweka vijiti viwili, njia zote mbili zinafanya kazi. Ukiweka kimoja, umeziba barabara nusu. Idadi ya GB ni ileile na tangazo halijadanganya, ila mashine inayotumia michoro iliyo ndani ya prosesa itaonekana nzito kuliko ya rafiki yako iliyoandikwa namba zilezile. Kuna kingine kinachonichekesha hadi leo: RAM ya DDR5, yaani ya kizazi cha sasa, iliyouzwa kwa kasi ya 6000, ukiichomeka tu, aghalabu huanza kwa 4800 au karibu na hapo, mpaka mtu aingie kwenye BIOS na kuwasha mpangilio wake. Ni kazi ya dakika moja. Nimewahi kufungua kompyuta za watu walizonunua tayari, kwa bei ya kujivunia, nikakuta dakika hiyo hakuna aliyeitumia. Miaka miwili RAM inakwenda kwa mwendo wa harusi.

Pawasaplai ndiyo mbaya zaidi, kwa sababu hakuna anayeinunua kwa mapenzi. Haina taa, haiongezi kasi ya kitu chochote. Lakini ndiyo inayogusa kila kipuri, na ya hovyo ikifa huweza kufa na wenzake. Wengi huitazama nembo ya 80 Plus wakadhani ni cheti cha ubora. Nembo hiyo, iliyoanza mwaka 2004, hupima ufanisi: kati ya umeme unaoingia, ni kiasi gani kinafika kwenye kompyuta na kiasi gani kinapotea kama joto. Ni jambo zuri kulijua. Haikuambii kama vilivyomo ndani vitadumu, wala kama kinga ya umeme uliozidi inafanya kazi. Kwa hiyo mtu anayeunda mwenyewe na kuchukua pawasaplai ya bei ya chini kwa kuwa ina nembo amefanya kosa lilelile la muuzaji anayemlaumu, na hana hata wa kumlalamikia.

Kwa upande wa pili, niseme lililo kweli hata kama wapenzi wenzangu wa bisibisi watanuna. Kwa kompyuta ya kuandika barua, kujaza majedwali, kusoma na kuvinjari intaneti, kuunda ni kujisumbua. Kampuni kubwa hununua prosesa kwa maelfu na leseni za Windows kwa bei ambayo wewe huipati. Leseni ukiinunua peke yako inakula sehemu kubwa ya bajeti ndogo, ilhali kwenye mashine ya kiwandani imo tayari. Kweli leseni hiyo ya kiwandani imefungwa kwenye ubao mama wake, na ubao huo ukifa leseni haihamii kwenye mwingine, lakini kwa mashine ya namna hiyo nani anapanga kuhama? Hesabu huanza kumpendelea muundaji pale anapohitaji kadi ya michoro yenye nguvu au kazi nzito ya video, kwa sababu hapo sehemu kubwa ya fedha inakwenda kwenye vipuri, na yeye ndiye anayeamua kila senti iende wapi.

Katikati ya hao wawili yupo wa tatu anayesahaulika: kompyuta ya ofisini iliyotumika. Makampuni hubadilisha mashine zao kwa mzunguko, na zinazotoka mara nyingi bado nzima. Ukiongeza RAM na SSD mpya unapata mashine ya heshima. Ila angalia mambo mawili. Windows 10 ilifikia mwisho wa huduma yake tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 inadai moduli ya usalama ya TPM 2.0 pamoja na prosesa mpya kiasi, ambayo kwa Intel aghalabu ni ya kizazi cha nane au cha baadaye. Mashine nyingi za bei nzuri sana zina bei hiyo kwa sababu hazifikii masharti hayo. La pili ni lile lililoniua mimi: pawasaplai ya umbo la pekee. Usiinunue kwa ndoto ya kuja kuiwekea kadi kubwa ya michoro, kwani haina nafasi, na hata ikiwa na nafasi haina umeme.

Siku ya kuunda yenyewe ina raha zake, na wanaoisimulia husimulia raha tu. Ngoja nisimulie upande mwingine. Soketi ya AM5, ya prosesa za kampuni ya AMD, ina pini 1,718, nyembamba kama nywele, zimesimama zikisubiri prosesa. Ukipinda moja kwa kidole unaweza kuua ubao mama, na dhamana haitakusikiliza. Kile kifuniko cha plastiki kinachoruka unapofunga kishikio usikitupe, maana ukirudisha ubao dukani wataanza kukiulizia hicho. Chini ya ubao kuna vijiguzo vya shaba vinavyouinua usiguse bati. Kimoja kikibaki mahali ambapo ubao hauna tundu, kinaweza kugusisha umeme pasipotakiwa. Halafu kuna plagi ya pini nane ya umeme wa prosesa, huko juu kwenye kona ya kushoto, mahali ambapo mkono haufiki ukishafunga feni kubwa. Mara yangu ya kwanza niliisahau. Feni zikazunguka, taa zikawaka, kioo cheusi. Nilikaa saa nne nikivua na kuvisha kila kitu, nikamwita rafiki, naye akachungulia, akanyoosha kidole bila kusema neno.

Na hata ukiunganisha kila kitu sawasawa, mashine ya DDR5 ikiwashwa mara ya kwanza inaweza kukaa dakika kadhaa na kioo cheusi, ikijifunza RAM yake. Asiyejua hukata umeme katikati, akawasha, akakata tena. Nimepigiwa simu usiku kwa ajili hiyo, na ushauri wangu wote ulikuwa "kaa chini, usiguse kitu". Ukawa ndio matibabu.

Hayo yote bado ni madogo, yanaisha siku hiyohiyo. Gharama halisi ya kuunda huja mwezi wa nne, kompyuta inapoanza kujizima mara mbili kwa wiki bila sababu. Ungekuwa umenunua mashine nzima, ungeirudisha nzima, na kutafuta ugonjwa ingekuwa kazi yao. Ukiunda, una dhamana saba kutoka kwa wauzaji saba, na kabla hujamrudishia yeyote lazima umthibitishie kwamba mkosaji ni kipuri chake. Ni RAM? Jaribu kijiti kimoja kimoja, usiku kucha. Ni pawasaplai? Huna nyingine ya kujaribia. Ni ubao mama? Utajua ukishaondoa vingine vyote. Fundi ana sanduku la spea la kulinganishia. Wewe una sebule. Hapa ndipo ninapowaambia watu waziwazi: kama kazi yako ya kila siku imelala kwenye mashine hiyo, na kompyuta ikizimika siku mbili unapoteza mteja, basi nunua iliyo tayari kwa mtu mwenye dhamana ya mashine nzima, aliyetumia vipuri vya kawaida. Unalipia mtu wa kumlaumu, na hiyo ni bidhaa halali kabisa. Ofisi yenye mashine 20 haina hata haja ya kufikiri.

Nikiwa hapohapo kwenye maumivu, kuna mpaka mmoja wa vipimo ambao wengi hawaujui hadi uwagharimu. Pawasaplai za kisasa za waya za kuchomoa zinafuata kanuni upande wa kompyuta tu. Upande wa pili, ule unaochomekwa kwenye pawasaplai yenyewe, kila mtengenezaji hupanga pini anavyotaka, na plagi zinaweza kuingia vizuri kabisa kwenye ya mwingine. Rafiki yangu alibadilisha pawasaplai akaacha waya za zamani, kwa kuwa alikuwa ameshazifunga vizuri nyuma ya kasha na zilikuwa zinapendeza. Diski mbili zikaungua kwa mpigo, moja ikiwa na picha za miaka kumi. Waya zilipendeza kweli.

Kuhusu kuongeza nguvu baadaye, ambako ndiko muundaji hupigia debe zaidi, nina mashaka kuliko nilivyokuwa zamani. Mfano mzuri upo: soketi ya AM4 ya AMD ilipokea prosesa za kwanza za Ryzen Machi 2017, na baadhi ya bao za mwaka huo, baada ya kuhuishwa BIOS, zikaja kupokea Ryzen 7 5800X3D ya Aprili 2022. Miaka mitano, ubao uleule, RAM ileile. Aliyenunua kwa bahati hiyo ana haki ya kuringa. Lakini kwa Intel, kati ya 2017 na 2021, mtu alipita soketi ya LGA 1151 ya namna mbili zisizopatana, akaja LGA 1200, akaja LGA 1700. Na RAM ya kizazi cha nyuma, DDR4, haiingii kwenye nafasi ya DDR5, ingawa zote zina pini 288, kwa kuwa pengo lake limesogezwa makusudi. Nikiwatazama watu ninaowafahamu walioapa kwamba wanaunda ili waje waongeze kidogokidogo, wengi wamebadilisha kadi ya michoro mara moja na kuongeza SSD. Siku walipotaka prosesa mpya walitaka na ubao mpya na RAM mpya, na kilichobaki cha zamani kikawa kasha, pawasaplai na feni. Si haba, ila ni mbali na ile hadithi ya kompyuta isiyozeeka. Wengine hata hawafiki huko. Wanakaa miezi wakilinganisha feni kwa tofauti ya nyuzi mbili za joto. Mchagua jembe si mkulima.

Msimu nao hugeuza hesabu, na hili washauri wa bei husahau kuliwekea tarehe. Kati ya 2020 na 2022 kadi za michoro zilikuwa adimu. Viwanda havikutosheleza, na wachimbaji wa sarafu ya kidijitali ya Ethereum, wanaoipata kwa kukokotoa kwa kadi hizo, walizinunua kwa makreti hadi mtandao huo ulipoacha uchimbaji Septemba 2022. Siku hizo njia ya nafuu ya kupata kadi ilikuwa kununua kompyuta nzima iliyo tayari yenye kadi ndani. Mwishoni mwa 2025 ikawa zamu ya RAM. Vituo vya akili bandia vinakula kumbukumbu kwa kiasi ambacho viwanda vimewageuzia uso wateja wadogo. Micron, mmoja kati ya watengenezaji watatu wakubwa duniani, ilitangaza Desemba mwaka huo kwamba inaacha biashara yake ya kuwauzia watumiaji wa kawaida kwa jina la Crucial. Katika uhaba, mkubwa mwenye mkataba hupata mzigo kabla yako. Anayeunda mwenyewe hununua kwa bei ya asubuhi hiyo.

Kompyuta mpakato sizigusi sana, kwa sababu huko uamuzi umeshafanywa kwa niaba yako. Tangu MacBook Air ya kwanza ya 2008 ilipokuja na RAM iliyochomelewa kwenye ubao, wengi wamefuata. Kampuni ya Framework walijitokeza mwaka 2021 na mpakato unaofunguliwa kwa bisibisi moja na kubadilishwa karibu kila kitu, na nawatakia heri, lakini kwa mnunuzi wa kawaida wa mpakato swali lililobaki ni moja: RAM utakayoichukua leo ndiyo utakayozikwa nayo, kwa hiyo chukua ya kutosha.

Jana nikamjibu mpwa wangu. Yeye anasomea uhariri wa video, ana muda, mikono yake mitulivu, na amewahi kunitengenezea printa niliyoishindwa. Mtu wa namna hiyo ningemwambia aunde bila kusita, kama si bei ya RAM ya msimu huu. Kwa hiyo nilimwandikia kwamba lile tangazo linaweza kuwa zuri au likawa jeneza lenye taa, na kwamba picha aliyonitumia haiwezi kutuambia. Amwombe muuzaji picha moja tu: kioo kikiwa kimetolewa, taa zimezimwa, ubao mama wote uonekane, na kibandiko cha pawasaplai kisomeke. Nitatazama plagi ya pini 24, nitahesabu vijiti vya RAM, nitatazama kama feni ya prosesa imeshika ubao au imeshika bati.

Akaniandikia baada ya saa moja: "Mjomba, amesema mbona unataka picha ya ndani wakati specs zote ameziandika?"

Nikamwambia aombe tena, kwa adabu. Mpaka namaliza kuandika haya, picha haijaja.